Mama Yupo

Kihesa, Iringa
11 Februari 2024

Kwa dada yangu Ng'washi,

Mwangaluka dada. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Habari za hapo Madibira? Habari za mpunga, na majirani? Shemeji Filemoni bado yuko Nyololo na gereji yake? Msalimie. Na mama anaendeleaje?

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Lakini kila nikipiga unanijibu, "Yupo, anaendelea," basi. Ninaelewa. Mama amelala hatua tatu kutoka unaposimama, na kiharusi kilimnyang'anya mdomo, masikio hakikuyagusa. Kwenye karatasi utaniambia kila kitu. Gideoni wa lori la mchele amekubali kuzibeba barua zetu. Anashusha mzigo hapa mjini kila baada ya wiki mbili tatu.

Huku kwenye mradi tuko ishirini na wanne. Mradi unalipia chumba, chakula, masomo ya kuhudumia wazee na lugha ya Kijerumani. Ukimaliza na kufaulu unapata mkataba wa miaka mitatu kwenye nyumba ya wazee huko Ujerumani, na viza ya kazi na bima, mambo yote yakiwa wazi serikalini. Siyo kupelekwa na dalali na kunyang'anywa pasipoti. Asubuhi tunasoma lugha, mchana tunafanya vitendo. Tuna mwanasesere wa mpira, mkubwa na mzito kama mtu mzima, tunamwita Babu. Tunamwogesha, tunambadilisha nepi, tunamgeuza. Kabla ya kumgusa ni lazima tumwombe ruhusa kwa Kijerumani. Yudith, mwenzangu wa chumba kutoka Njombe, hucheka mpaka anatokwa na machozi.

Usiku nalala kama jiwe. Kuna jambo nataka kukuambia lakini acha lisubiri kidogo.

Mdogo wako,
Regina

*

Madibira
30 Machi 2024

Regina,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata mwezi uliopita. Sikujibu kwa sababu tulikuwa tunapalilia, na nikirudi shamba namkuta mama amelowa, naanza upya. Hapa wote wazima. Mvua ni nyingi, mpunga unakwenda vizuri. Kaka Paulo alipiga simu kutoka Ilomba akasema Pasaka atakuja kumwona mama. Pasaka ni kesho. Naona hatakuja.

Mama yupo. Uji anakunywa nusu kikombe. Jina lako nikilitaja ananiangalia vizuri.

Ulisema kwenye karatasi nikuambie kila kitu. Haya. Mama ana kidonda chini ya mgongo, pale kwenye mfupa. Kilianza kama ngozi imechubuka. Jirani yetu Tekla akanipa unga wa mizizi nipake, nikapaka, kikazidi. Sasa kina harufu. Sitakuandikia ukubwa wake.

Huyo Babu wenu mnamgeuzaje? Mimi nikimgeuza mama ni kama navuta gunia la mpunga lililolowa. Najua anaumia, maana anafumba macho, na sauti hana. Niandikie polepole, mambo ya Kijerumani acha. Niandikie kama mtu anayemwandikia mtoto wa darasa la tatu.

Ng'washi

*

Kihesa, Iringa
9 Aprili 2024

Dada Ng'washi,

Pole sana. Salamu kwa wote, na kwa shemeji, ambaye hukuniambia habari zake. Barua yako imenifikia jana na sikuweza kula. Nilimpelekea Mwalimu Andendekisye, anayetufundisha vitendo, nikamwambia ni swali la mtu ninayemfahamu. Akanieleza, nami nakuandikia kama alivyosema.

Kwanza, unga wa mizizi uache leo hii. Mpeleke zahanati, na kama huwezi kumbeba mwite muuguzi aje nyumbani, asafishe kidonda na kukuonyesha namna ya kukifunga. Usione haya. Mwalimu anasema kidonda kinachonuka si cha kusubiri wiki.

Kuhusu kumgeuza, usimvute. Simama upande unaotaka aelekee. Mkono wake wa mbali uulaze juu ya kifua chake. Goti lake la mbali ulikunje, kisigino kikae karibu na makalio. Halafu mkono wako mmoja shika bega lake la mbali, mwingine shika nyonga, umvingirishe aje kwako kwa uzito wa mwili wako, mgongo wako uache kufanya kazi yote. Utashangaa, anakuja kama mlango. Weka mto nyuma ya mgongo asirudi, na khanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Baada ya saa mbili mgeuze upande wa pili. Ukienda shamba Tekla akusaidie, hata mara moja kwa siku.

Tena usimwanze bila kumwambia. Muulize, "Mama, nikugeuze?" Usubiri. Mwalimu anasema mtu asiyeweza kusema bado ana njia ya kujibu, ni sisi hatungoji.

Ningekuwa hapo ningekushikia upande mmoja. Nisamehe.

Regina

*

Madibira
2 Juni 2024

Regina,

Salamu. Tunavuna. Mikono yangu imechanika kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Kidonda kimepungua. Kilikuwa kama kiganja, sasa naweza kukuambia. Leo ni kama sarafu ya mia mbili na hakinuki. Muuguzi wa zahanati amekuja mara sita. Juzi alinitazama nikimgeuza mama akaniuliza, "Wewe umesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwa barua." Akacheka akadhani natania.

Ile ya kuuliza niliona ni mambo ya wazungu. Nikajaribu tu. "Mayu, nikugeuze?" Nikangoja. Siku mbili hakufanya kitu. Ya tatu akafumba macho mara moja, akafumbua. Sasa ndiyo lugha yetu. Akifumba, ndiyo. Akinikazia macho, namwacha kwanza. Miezi yote ile nilikuwa namgeuza kama mzigo, Regina, na yeye yumo humo ndani ananiona.

Paulo hakuja. Umri wa kuingia huo mradi wenu mwisho ni miaka mingapi? Nauliza tu.

Kazi nyingi, naishia hapa.

Ng'washi

*

Kihesa, Iringa
21 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo ya kweli kweli, maana kwa uliyoyafanya wewe ni zaidi ya dada. Nimeusoma ule mstari wa "kwa barua" mara nyingi. Umri mwisho ni thelathini na tano. Najua una thelathini na nane. Sikujua niandike nini hapo, basi nimeandika ukweli.

Mtihani wa lugha nilianguka mara ya kwanza, sikukuambia. Mara ya pili nimefaulu. Yudith pia. Kundi la kwanza linaondoka Novemba na jina langu limo.

Sasa sikiliza. Wiki ya kwanza ya Agosti maofisa wa mradi watazunguka kwenye familia zetu, kueleza mkataba na kuhakiki taarifa. Madibira watakuja. Nakuomba sana dada, siku hiyo mpeleke mama kwa Tekla. Mama asiwepo nyumbani wakija. Wakiuliza habari za wazazi, wewe sema majibu yako ni kama yalivyo kwenye fomu yangu. Sababu usiniulize sasa, nitakueleza mwenyewe.

Gideoni anaondoka kesho, barua itakuwahi.

Hukunijibu habari za shemeji. Mmekorofishana?

Regina

*

Madibira
12 Agosti 2024

Regina,

Barua yako nimeipata juzi tarehe kumi. Barabara ya Mafinga ilikuwa inatengenezwa, Gideoni akazungukia njia ya Makambako, lori likamfia Nyololo zaidi ya wiki mbili. Wageni wako walikuja tarehe sita.

Walikuwa wawili, mama mmoja mwenye faili na kijana wa kuandika. Watu wastaarabu. Nilikuwa nimemtoa mama nje apate jua, yuko kwenye mkeka, kichwa kwenye mto. Wakasalimia, wakakaa. Yule mama akafungua faili akasema, "Kwanza poleni kwa kuondokewa na wazazi wote wawili. Tumeona kwenye fomu ya Regina."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasema, "Wazazi wote?"

Akasoma tena. "Baba marehemu, mama marehemu. Mlezi, dada yake Ng'washi. Si ndiyo wewe?"

Nikasema ndiyo mimi.

"Na huyu bibi ni nani?"

Nikaona nikisema ni nani, mwaka wako wote umekwisha pale kwenye mkeka. Nikasema, "Ni mama mdogo wetu. Anaumwa, tunamuuguza."

Yule mama akainuka akamwendea, akainama kwa heshima, akasema, "Pole sana, mama mdogo." Akampa mkono. Mama hakuutoa wake, hata ule mzima. Alikuwa ananitazama mimi. Hakunikazia macho, hakufumba. Alinitazama tu mpaka wageni wakamaliza soda zao wakaondoka.

Siku mbili hakula. Nikimuuliza nimgeuze, hajibu. Namgeuza bila jibu, maana kidonda hakingoji.

Sijui uliandika vile kwa nini na wala sitaki kujua. Nakuambia neno moja. Uongo nimeshausema mbele ya mama, usiende kuuharibu. Kaa kimya, panda ndege, nenda. Umeniuliza habari za Filemoni mara tatu. Filemoni anaishi na mwanamke mwingine Nyololo tangu Mei. Alichoka kungoja mke anayelala kwa mama yake. Gharama hiyo imeshalipwa, Regina. Nenda.

Ng'washi

*

Kihesa, Iringa
1 Septemba 2024

Dada,

Salamu sijui nizianzie wapi. Sikujua habari za Filemoni. Kila barua nilikuwa namsalimia.

Ulisema hutaki kujua, lakini nitaandika. Siku ya usaili kule Mbeya tulipanga foleni tangu asubuhi. Watu kwenye foleni wakawa wanasema mwenye mzazi mgonjwa anakatwa, kwa sababu akifika huko atavunja mkataba arudi kuuguza. Wote walisema, hakuna aliyeuliza nani kasema. Nilipopewa fomu, palikuwa na mstari wa baba, yupo au marehemu. Nikatia vema kwenye marehemu, na ni kweli. Mkono ukashuka mstari wa chini, wa mama, ukatia vema nyingine papo hapo. Haikuchukua hata pumzi moja. Nikasaini. Nilipotoka nje nikanunua maji, nikanywa, nikaona mambo ni ya kawaida. Hiyo ndiyo inayoniogopesha mpaka leo.

Nimevunja neno lako. Nilimwendea Mwalimu Andendekisye nikamwambia yote. Aliniuliza, "Yule mtu unayemfahamu, mwenye kidonda, ndiye mama yako?" Nikasema ndiye. Halafu akasema, "Regina, darasani kwako wenye wazazi wagonjwa ni tisa. Wameandika wote. Yudith mama yake hana miguu. Nani alikuambia ni kosa?"

Hakuna aliyekatwa kwa hilo, dada. Hakuna hata mmoja.

Akasema, "Siwezi kulificha. Kule utaachiwa mgonjwa peke yako. Ukiandika amekunywa dawa na hajanywa, anakufa mtu. Hapo ndipo kosa lilipo." Akanipeleka kwa kamati ya mradi.

Jina langu limesimamishwa. Wanataka fomu mpya, na tamko la mama mwenyewe kwamba yupo hai, kwamba ni mama yangu, na kwamba anajua nataka kusafiri. Aweke dole gumba mbele ya mtendaji wa kijiji. Fomu hiyo nimeiambatanisha. Nimewaambia pia kwamba ulisema ulivyosema kwa ajili yangu, na kwamba kosa ni langu peke yangu.

Usimlazimishe. Asipotaka, irudishe tupu.

Regina

*

Madibira
29 Septemba 2024

Regina,

Niliwaka hasira. Fomu yako niliitupa juu ya kabati, ikakaa wiki mbili. Nilikuwa nimepoteza kila kitu ili uende, na wewe mwenyewe ukaenda kujikata jina. Halafu nikafikiri, huyu angekwenda, mimi ningebaki humu ndani na macho ya mama miaka mitatu.

Nikaishusha. Nikakaa chini karibu na mama, nikamwambia, "Mayu, ile siku nilikukana. Wewe ni mama yangu. Nilisema vile nikiogopa." Kisha nikamsomea fomu kwa Kisukuma, mstari kwa mstari, nikamweleza na uliyoandika kwenye ile ya mwanzo. Sikuficha. Nilipofika mwisho nikamuuliza, "Utaweka?" Akafunga ngumi mkono wa kushoto, ndio mzima, akautia chini ya khanga.

Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu sikuuliza. Siku ya nne nilimpa uji, akamaliza kikombe. Nilipokitoa mdomoni nikaona ametoa mkono nje, ameunyoosha juu ya godoro, kiganja juu. Sikumwambia chochote. Nikamfuata mtendaji mbio akaja na wino wa mhuri.

Mtendaji akaangalia fomu akasema, "Inatakiwa dole gumba la kulia."

Nikamwambia, "La kulia limekufa. Mwenye fomu ameshatoa la kushoto."

Akalipaka wino. Nilitaka kumsaidia kulishusha, mama akanikazia macho. Nikaacha. Akalishusha mwenyewe, taratibu, likaangukia nusu ndani ya kisanduku nusu nje. Akalikandamiza. Mtendaji akasema yatosha mama, bado amelikandamiza.

Baadaye nikaleta maji na sabuni nimwoshe. Akafunga ngumi. Jioni nikajaribu tena, akafunga. Leo ni siku ya tano na wino bado upo.

Usiniulize kama amekusamehe. Sijui. Nimekuandikia nilichoona. Fomu hii hapa.

Ng'washi

*

Kihesa, Iringa
20 Oktoba 2024

Kwa dada yangu Ng'washi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama pia. Mimi mwili ni mzima.

Kamati ilikaa Jumatano. Fomu imekubaliwa. Mwenyekiti alilitazama lile dole gumba kwa muda, akauliza kwa nini limetoka nje ya mstari, nikamweleza. Cheti cha kuhudumia wazee wamenipa, na cha lugha ninacho. Lakini nafasi yangu ya Novemba wameshampa aliyefuata kwenye orodha. Wamesema ningoje kundi la pili. Kundi la pili linategemea fedha za awamu mpya, na wafadhili hawajasaini. Inaweza kuwa Aprili, inaweza kuwa mwaka kesho kutwa, inaweza isiwe. Mwalimu Andendekisye aliniambia hivyo bila kupamba maneno. Yudith anaondoka. Nimemsaidia kufunga begi.

Nilidhani nitalia. Nimechoka tu, dada. Nililala muda wa saa kumi na mbili nikaamka mwili ukiwa mwepesi.

Barua hii inatangulia na Gideoni, nami nitakuja naye safari yake inayofuata. Nimezungumza na muuguzi wa zahanati kwa simu, anasema wanahitaji mtu wa kuzungukia wagonjwa wa majumbani. Ni kazi ya kujitolea kwanza. Nitaanzia kwetu. Siku nitakayofika nataka ulale. Ukiamka, kama una safari ya Nyololo ya kwenda kuzungumza na Filemoni, au kwenda kuchukua vyombo vyako, nenda, kaa hata mwezi. Sitakuuliza umeamua nini.

Sehemu hii inayofuata msomee mama kwa sauti, hata kama kuna wageni.

Mayu, ni mimi Regina. Niliandika kwamba umekufa. Sikukosea mstari, niliandika nikijua. Nimefundishwa mwaka mzima kumtunza mzee wa watu, na nimeona aibu kila siku. Nakuja nyumbani. Sitakuomba uniangalie.

Dada, majirani watauliza kilichonirudisha. Usiwatajie mradi wala kamati. Waambie amekuja kwa mama yake.

Mdogo wako,
Regina Malimi